Nyumba ya Mwisho Ilikuwa Yetu

Igoma, Jumapili jioni. Mvua imepiga tangu alfajiri na sasa ndiyo imekatika. Uwanja wote ni tope. Watoto wamelala mapema, na mimi moyo umejaa, hauwezi kulala bila kusema.

Nitasimulia ya jana, lakini nianze nyuma kidogo.

Mume wangu, Baba Kulwa, ni mmoja wa waliopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo. Alikuwa kwenye kusokota nyuzi tangu ujana wake. Waliambiwa kiwanda kinatafutiwa mwekezaji, wavute subira, wataitwa. Mpaka leo hajaitwa mtu. Na maduka ya mjini sasa yamejaa vitu tulivyokuwa tukipangia foleni, sabuni, sukari, vitambaa vya kila rangi. Vipo, vinatutazama tu. Hata sangara wa ziwa letu, minofu yake inapanda ndege, sisi tunagombania mapanki, yale mabaki ya kichwa na mifupa.

Kila asubuhi mume wangu anakwenda stendi kutafuta mizigo ya kubeba. Siku nyingine anafika hadi Kigongo, kwenye kivuko. Mara nyingi anarudi mikono mitupu. Kanisani aliacha kwenda. Aliniomba jambo moja tu: "Shida zetu zisivuke mlango huu."

Nami sikuzivusha.

Sasa, mimi ni mmoja wa akina mama wa kanisa wanaopeleka chakula kwa familia zenye shida. Kila Jumamosi tunakusanya walichotoa waumini, unga, maharage, dagaa, nguo za watoto, tunafungasha, tunajitwika, tunazunguka. Nimewapelekea watu unga huku kwangu debe likiwa tupu. Nimewaambia "Bwana atawapa" huku tumbo langu linanguruma, nikaanzisha pambio kwa sauti kubwa ili wenzangu wasilisikie.

Niliamini hawajui.

Jana tulikuwa wanne. Alituongoza Mama Yunis, mwenyekiti wetu, mtu wa umri wa mama yangu mzazi. Tulianza kwa bibi mmoja anayelea wajukuu. Wazazi wao waliondoka kwa ugonjwa huu wa siku hizi. Tukapita kwa wengine. Mwishoni ukabaki mfuko mmoja mkubwa, nao nilikuwa nimejitwika mimi. Nikauliza ni wa nani.

"Wa nyumba ya mwisho," alisema Mama Yunis, akatangulia.

Njia ikapanda kwenye mawe, ikapita bombani tunapochota maji, ikakata kushoto. Nikasimama.

"Mama Yunis, huku ni kwangu."

"Najua, mwanangu. Twende."

Nilitaka kuutua ule mfuko niseme nimesahau kitu kanisani. Sikuogopa kuchekwa. Niliogopa uso wa mume wangu atakapodhani nimemtangaza.

Tulimkuta barazani, anashona kandambili ya mwanetu Doto kwa waya. Akainuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mu wazima hapa?"

"Wazima." Macho yake yalikwenda kwenye mfuko, kisha yakanishukia mimi. Nikatazama chini. "Mke wangu amewaambia nini?"

"Hakusema neno," alijibu Mama Yunis. "Ndiyo maana tumechelewa hivi. Angesema, tungekuja zamani."

Akamweleza taratibu. Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tunakunywa chai kanisani, aliniona nafunga kiazi changu kwenye ncha ya kanga. "Mtu aliyeacha chakula nyumbani hafungi kiazi, baba. Mimi nilipofiwa na mume wangu nilivifunga vingi."

Baba Kulwa aliitua kandambili chini. Aligeuka akaingia ndani.

Nikajua amejifungia. Wenzangu wakanitazama. Tulisikia vitu vinasogezwa. Kisha akatoka na mkeka begani na kile kiti chetu kimoja mkononi. Akakifuta kwa mkono wa shati, akakiweka mbele ya Mama Yunis.

"Karibuni mkae," alisema. "Lakini msiache vitu mkaondoka. Mle na sisi."

Ee Mungu.

Wakakaa. Mmoja akawasha moto, mwingine akachambua dagaa, mimi nikasonga ugali jikoni kwangu kama siku za zamani. Kulwa akaja kuninong'oneza, lakini mtoto huyu hajui kunong'ona: "Mama, leo ni sikukuu?" Akina mama wakacheka. Mimi nikageukia moshi, nikasingizia umeniingia machoni. Doto alisinzia bado ana tonge mkononi, na tulipotaka kumnyang'anya alilifumbata zaidi.

Leo asubuhi, mvua inanyesha, Baba Kulwa alivaa shati lake jeupe akasema, "Haya, twendeni." Hakufafanua, nami sikuuliza. Alikaa benchi la nyuma kabisa. Ibada ilipokwisha, wanaume walimzunguka kumpa mkono, na alicheka. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyocheka.

Sitajidanganya. Kazi bado hakuna. Unga ule nao utakwisha, na wiki itakuja ambayo nitasimama tena jikoni sijui niinjike nini. Lakini ule mzigo mwingine, wa kuficha, wa kupima kila neno kabla halijanitoka, umeshuka. Sikujua ulikuwa mzito kiasi kile. Nawashukuru akina mama wale, kwa chakula, na zaidi kwa kukaa kwenye mkeka wetu na kula kwenye sahani zetu.

Muda mfupi uliopita Baba Kulwa aliingia akikung'uta tope miguuni. Akaniuliza huwa tunaanzia wapi siku za Jumamosi. Nikamwambia tunaanzia kanisani.

"Yule bibi wa wajukuu," alisema, "jana mlisema paa lake linavuja?"

"Linavuja vibaya."

"Nitakuja na nyundo."

Kisha akaenda kulala.