Nazi ya Jicho Moja

Bhavnagar

Mwanangu Jigna,

Salamu nyingi. Sisi wazima, na mpapai wa uani umezaa hadi tunagawia majirani.

Jana wifi yangu Kokila alinikuta nikiitoa kitambaani ile nazi yetu ya jicho moja, tunayoitunza kwa baraka ya nyumba. Akauliza nani ataipaka manjano siku ya kumwomba Lakshmi, mungu wetu wa utajiri.

"Jigna, kama kila mwaka."

"Wee! Mjane aguse nazi ya baraka? Unataka nyumba ifilisike?"

Siku zote mbele yake hunyamaza. Jana nilishindwa. "Wifi, Paresh alipokufa nazi hii ilikuwa humu humu ndani. Aliyemuuguza mwanangu hadi mwisho ni Jigna. Kama mkono wake una nuksi, basi hata wangu unayo."

Akaondoka, chai akaiacha. Baba mkwe wako, ambaye hajalitamka jina la Paresh tangu msiba, alikuwa mlangoni analia. Akasema, "Mwandikie aje. Nitampokea stesheni mwenyewe."

Mwanangu, siku ile ulipofunga sanduku uondoke sikukuambia ubaki. Nilitaka, nikaogopa maneno ya watu. Nisamehe. Njoo na sari yako ya kijani. Hiyo nyeupe ya ujane iache huko huko.

Mama yako,
Savita