Makochi Yako Nimeyafungua

Mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, ila paa la jikoni linavuja na shangazi yako bado ana maneno mengi.

Yale makochi ya nyumba yako nimeyavua nailoni jana, kwa mkasi. Usinune. Mwaka wa tatu huu yamejaa sebuleni kwangu yakingoja nyumba iliyoishia kwenye msingi, na mimi na magoti haya nakalia kigoda. Kumbe ni ya kijani! Kwa vumbi la ile nailoni nilidhani ni ya kijivu. Shangazi yako akasema, "Mama, mwenyewe atakasirika." Nikamwambia aje akasirikie hapa, nimwone.

Soma, jenga, pandishwa cheo, sikukatazi. Shule nilikupeleka mimi, tena kwa fimbo. Lakini kila nikikuuliza unakuja lini, unaniambia mwakani. Daktari wa macho amesema jicho la kushoto limekwisha, na la kulia halitafika huko mwakani kwako.

Rangi ya makochi nimeshaiona. Umebaki wewe.

Ni mimi bibi yako, mkeo mkubwa.