Majibu ya Bibi Gaudensia

Jumatatu, 7 Julai
Kasokola tena. Nyumba tisa. Vumbi mpaka kwenye meno. Tunahoji wazee waliovuka miaka tisini kuhusu afya zao. Wa mwisho leo alikuwa Bibi Gaudensia, amekaa mkekani, hatua mbili kutoka kwangu. Sikumuuliza swali hata moja. Alijibu mwanawe, Mzee Deus. "Huyo hasikii, akili zimeshaondoka. Niulize mimi." Kuona: haoni. Kumbukumbu: hana. Maumivu: hana, ni uzee tu. Nikajaza kwenye tableti, nikatuma. Naaga, bibi akanishika sketi.

"Mjukuu wangu, mbona mimi huniulizi?"

Deus akacheka. Na mimi nikacheka. Najichukia kwa kicheko kile.

Jumanne, 8 Julai
Kabungu. Nimemwambia msimamizi wa utafiti nataka kurudi kwa bibi. "Fomu imeshapokelewa. Utatuchelewesha kwa ajili ya kizee kimoja?" Kizee! Huku anatafuna muwa, anatema makapi karibu na viatu vyangu. Kinyaa kitupu.

Alhamisi, 10 Julai
Nimekwenda bila ruhusa, kwa bodaboda. Deus amepeleka mpunga mashineni. Nikainama sikioni kwa bibi, nikasema taratibu. Anasikia. Watoto wake kumi na mmoja alinitajia wote, walio hai na waliozikwa. Afya kwa ujumla? "Nzuri. Si nimeamka?" Maumivu? Akatazama mlango kwanza. Kisha akafunua kanga.

Paja la kulia, juu kabisa. Kidonda kipana kama kiganja, kimefungwa tambara. Harufu. Usaha. Nikarudi nyuma. Akaona, akajifunika haraka, akaniomba radhi. Yeye aniombe radhi mimi!

"Ningemwonyeshaje mtoto wa kiume? Na mkwe ndiyo kabisa."

Anacho tangu mahindi yakiwa machanga. Sasa yako ghalani. Harufu bado iko puani. Lakini kinachonichefua zaidi ni mguu wangu uliorudi nyuma.

Ijumaa, 11 Julai
Jana nilimsubiri Deus na matusi yangu tayari. Nilipomweleza alikaa chini, akaziba uso kwa kofia. "Kila asubuhi namuuliza, mama umeamkaje. Ananiambia salama." Matusi nikayaacha, tukapanga safari ya zahanati.

Leo zahanati. Niliomba muuguzi mwanamke. Alipofungua tambara akakunja pua mbele ya bibi. Nikamkanyaga, makusudi. Akanitazama, kisha akaosha kidonda vizuri, taratibu. Bibi hakulia. Alilia Deus, nje.

Msimamizi amepiga. Nirudishe tableti, kazi basi. Nimerudisha. Fomu yao ya Jumatatu bado inasema hana maumivu. Uchafu.

Jumapili, 13 Julai
Baada ya misa nimepita Kasokola. Bandeji safi. Muuguzi anasema itachukua miezi, na huenda kisifunge kabisa. Bibi anajua, aliambiwa mwenyewe. Nimemsuka nywele, chache, laini kama pamba. Mkwe akaleta ugali na maharage. Bibi akaonja, akasema hayana chumvi. Deus akainuka kuifuata. Tukala.