Saa ya Kikapu

Jumamosi, alasiri. Mvua ya mawe imepiga mabati ya kibanda changu hapa Silibwet hadi nikashindwa kusikia redio, kisha ikaacha ghafla kama kawaida yake. Nje kumepoa. Mimi sijapoa.

Nina hasira. Naandika kwa sababu nikiendelea kushika bisibisi hivi nitaharibu saa ya mtu.

Kwa wanaopita kwenye ukurasa huu mara ya kwanza: natengeneza saa za mkononi zisizo na nambari. Nachukua saa ya kawaida, naifungua, natoa mishale, naweka uso niliobuni mwenyewe. Ipo yenye ukungu unaopanda na kushuka mlimani. Ipo ya mlinzi, yenye jicho linalofumba kukikucha. Sokoni hunicheka: "Kibet, hii inasomwa na nani?" Nimezoea.

Ninayoipenda kuliko zote niliitengenezea mama. Mama amechuma chai ya kampuni tangu nikiwa mgongoni mwake. Mchumaji haulizi ni saa ngapi, anauliza bado muda gani majani yapimwe. Basi nikakata dirisha lenye umbo la kikapu, na chini yake nikaweka kisahani cha kijani kinachozunguka polepole. Asubuhi kikapu ni kitupu. Kijani kinapanda taratibu, na kikifika ukingoni ni wakati wa kwenda kwenye mizani. Kisha kinashuka na kuanza upya, hadi mizani ya jioni. Mama aliisoma bila kuelekezwa. Wenzake shambani walimgombania mkono.

Picha yake niliiweka hapa. Ndiyo iliyoniletea balaa.

Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja wa ofisi ya kampuni. Nitamwita Bwana Tai, maana hata kwenye matope ya Silibwet alikuja na tai shingoni. Aliiona ile picha, akataka saa za kikapu, nyingi kuliko zote nilizowahi kuunda. Alisema ni zawadi kwa wachumaji. Nilifurahi kama mtoto. Nilimpigia mama nikamwambia wenzake wote watavaa kazi ya mwanawe. Naye, uchungu wa mwana, aliitangaza kuanzia shambani hadi kanisani.

Juzi Alhamisi mama akanipigia. Amerudishwa nyumbani, yeye na wanawake wote wa kikundi chake. Mashine za kuchuma zimefika. Zinanyoa chai kama kinyozi mwenye haraka, hazijui majani mawili na chipukizi, zinakata tu. Wameambiwa kutakuwa na sherehe ndogo ya kuwaaga.

"Na zile saa zako ndizo tutakazopewa tukienda," alisema.

Jamani!

Mtu unamfukuza kwenye mizani, halafu unamfunga mizani mkononi. Akae nyumbani kila siku akitazama kikapu kikijaa, na hakuna pa kukipeleka. Hata mchawi angeona aibu. Na fundi wa dhihaka hiyo ni mimi, niliyekuwa nikipiga mluzi nikikata vile vikapu kimoja kimoja.

Jana nilimpigia Bwana Tai nikamwambia kazi hiyo sifanyi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Hata huo alininyima.

"Boss, relax," alisema. "Hiyo ilikuwa appreciation tu. Kama hutaki, tutawapatia miavuli." Akakata simu.

Miavuli! Miaka yote walichuma kwenye mvua bila mwavuli wa mtu yeyote, leo wanapewa wakakae nao chini ya paa.

Leo asubuhi nilipanda kwa mama, kule mpakani mwa shamba la kampuni. Nilienda kifua mbele, nikidhani nitapongezwa. Nilimkuta jikoni akisugua kibuyu cha maziwa, amevaa aproni ya kazini ya plastiki. Hakuna kazi, lakini aproni ameivaa. Saa alikuwa nayo mkononi, na kikapu kilikuwa kimejaa nusu. Nikageuza uso. Nikamweleza nilivyokataa.

"Nani alikutuma?" aliuliza.

Nikasema nimekataa kwa ajili yao. Yale ni matusi.

"Kama ni matusi, ni yangu mimi, si yako. Hao wamama nimewaambia wanapata saa ya Kibet. Sasa nitawaambia ni mwavuli? Weri, kazi wamechukua, na wewe tena unachukua saa?"

Anaponiita weri, kijana, kama vile bado nachunga ndama, najua nimekosea njia. Niseme ukweli, nilimkasirikia pia. Nimetupa kazi kubwa kuliko zote maishani mwangu, na bado ninagombezwa! Nilisimama mlangoni kitambo nikitazama kuku. Baadaye ndipo iliponiingia kwamba katika wale wanawake wote sikumuuliza hata mmoja.

Nikamwambia nitawatengenezea mwenyewe, moja moja, kampuni isiguse. Lakini kikapu sikati tena. Aniambie siku yake sasa inakwendaje, nami nitafute uso unaofanana nayo.

Alifikiri.

"Asubuhi nakamua," alisema.

Nikangoja.

"Jioni nakamua tena."

Nikamuuliza, na katikati?

Alitazama nje, kule chai inakoanzia. Mashine ilikuwa inanguruma upande wa pili wa kilima. Akafungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mtungi kama kitu atakachokihitaji kesho.

"Hapo katikati acha wazi kwanza."

Nilirudi nikakata uso mmoja kabla mvua haijaanza. Ng'ombe juu, ng'ombe chini, katikati bati tupu. Upo hapa mezani, na kila nikiutazama damu inanichemka upya. Kesho baada ya ibada nitawafuata wale wengine, mmoja mmoja, niwaulize wanataka niweke nini hapo.

Na wote wakiniambia niache wazi?