Hodi ya Bibi Ghalani

Maren, shika simu!

Nimetoka kanisani, nilikuwa natafuta habari za Torvald na Gunhild, wazazi wa bibi, wale waliokuja kulima hapa kabla mji haujakuwepo. Kumbe bibi alikuwa na mdogo wake, Signe, miaka minne. Kitabu cha kanisa kinasema amekufa Januari 1907. Amezikwa Aprili. APRILI, shoga!

Nikamwambia Bi Aslaug anayetunza vitabu, "Mama, hapa wamekosea."

Akanicheka. "Umezaliwa huku na hujui? Januari ardhi imeganda, ni chuma, nani angechimba kaburi? Mtoto alikaa ghalani kwao mpaka theluji ikayeyuka."

Ghalani, Maren!

Unakumbuka bibi alivyokuwa akipiga hodi kila akienda kuchota ngano? Na sisi tunamcheka, "Bibi, nani akufungulie, panya?" Alikuwa anampigia hodi mdogo wake. Miaka yote ile.

Na ghala si ndilo nililoligeuza chumba cha wageni? Wewe si ulilala humo Krismasi?

Nimefika nyumbani. Nataka shuka zangu zilizomo humo, nimesimama mlangoni kama mjinga.

Nimepiga hodi. Sasa naomba Mungu nisisikie "karibu".