Wamekata Ekseli za Baba Mkubwa

S.L.P. 61,
Rodi Kopany,
Homa Bay.
4 Agosti 1997

Mpendwa ndugu yangu Momanyi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Hujambo wewe, na shemeji Roselyn na watoto wanaendeleaje? Kile kikohozi chako kimeisha, au joto la Mombasa bado linakibembeleza? Sisi tu wazima. Mahindi yamekomaa, mgongo wangu unauma kama kawaida, na mama yako, mama mkubwa Gesare, ameng'olewa lile jino lililokuwa likimsumbua. Naandika kwa Kiswahili makusudi, ili shemeji naye asome ajue aliolewa kwa watu wa namna gani.

Maana nimechukizwa, ndugu yangu. Nimechukizwa hadi chakula hakishuki.

Unaikumbuka treni ya marehemu baba yako, baba mkubwa kwangu. Alipostaafu kazi ya reli kule Kisumu, aliitengeneza hapa kwenye karakana yangu: bodi ya debe la mafuta ya kupikia, mota ya redio kaseti, reli za spoki za baiskeli. Alisema serikali haikutuletea reli Rodi, basi tutaileta wenyewe juu ya meza. Alifariki reli ikiwa imefika stesheni ya Kisumu tu, ile ya kadibodi. Tarehe 24 tunamkumbuka, mwaka mmoja tangu tumzike, na mama yako ameomba kitu kimoja: aione treni ya mzee ikitoka Kisumu hadi Rodi, mara moja tu.

Kwa hiyo kila Jumapili alasiri tunakutana watatu: mimi, Ongeri wa duka la baiskeli, na Wangwe, fundi redio aliyehamia kutoka Migori. Zamani nilizipenda Jumapili hizo. Tulibishana kama daraja liwe na nguzo nne au sita mpaka chai ikapoa. Siku hizi naziona kinyaa. Wangwe hula samaki wa kukaanga juu ya meza ya reli, akajipangusa vidole kwenye mlima wetu wa vumbi la mbao. Juzi niliokota mwiba wa mbuta stesheni. Kuku naye alipita akaacha yake darajani, na hakuna aliyefuta ila mimi.

Hayo niliyavumilia. Ongeri ndiye aliyetandika kipande cha mwisho, Kisumu hadi Rodi. Jumapili ya wiki juzi tukaijaribu. Treni ikaenda vizuri, ikafika mwanzo wa kipande kipya, ikaruka reli na kulala ubavu. Mara tano. Reli ya Ongeri ilikuwa imebana, kwa unene wa kucha hivi.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angeng'oa reli yake. Mimi nilikwenda Ndhiwa kwenye matanga, na niliporudi Alhamisi nikakuta wamekata ekseli zote mbili kwa msumeno, wakazilehemu upya, fupi. Ekseli alizochonga baba yako kwa mkono wake! Lehemu imevimba na kuning'inia kama kamasi. Sasa treni inatembea Rodi bila taabu, lakini Kisumu haiwezi hata kusimama.

Wangwe alicheka. "Wacha hasira, Okemwa. Si tutaianzishia hapo tu kwenye kipande cha Rodi? Mama hatajua."

Ongeri hakucheka. "Mimi nilipima na ile kiberiti ya mzee, ile iko kwa kopo. Kila taruma nilipima, kila kijiti kinachobeba reli."

Unalijua kopo lile la dawa ya viatu, na kile kiberiti kitupu ambacho mzee alikitumia kupimia upana wa reli tangu siku ya kwanza. Nilimwita Ongeri mwongo, tena mama yako akiwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni. Nikamwambia kazi yake inatia kichefuchefu. Jana hakuja. Wangwe naye hakuja.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Mwezi wa nne mvua ilipozidi, makaa yalilowa na sikuwa na kitu kikavu cha kuwashia jiko la kulehemu. Nilichoma kile kiberiti cha mzee. Nikanunua kingine dukani nikakitia koponi, nikidhani viberiti vyote ni sawa. Jana, nilipochoka kungoja, nilikitoa nikakilaza kwenye reli ya Kisumu. Hakifiki. Nikakilaza kwenye reli ya Ongeri. Kililala sawasawa, toka taruma la kwanza hadi la mwisho.

Nyani haoni kundule, lakini mimi langu nimeliona, na kinyaa chote kimenirudia.

Reli nitaing'oa mimi na kuitandika upya kwa kipimo cha ile ya Kisumu. Bado ekseli. Una lile behewa ambalo mzee alikupa siku ya harusi yako, na ekseli zake mbili alizichonga yeye. Najua ninachokuomba. Litume kwa basi, lifike kabla ya tarehe 24. Kesho namwendea Ongeri, naye mama yako awepo asikie, kwa sababu alikuwepo nilipomtukana.

Nisalimie shemeji na watoto, na ndugu yetu Obare ukimwona. Bhoke, mke wangu, anawasalimu. Mungu awafunike kwa mkono wake, na ampe mama yako kuiona treni ya mumewe ikifika nyumbani.

Ni mimi nduguyo akupendaye, ijapokuwa wiki hii mwenyewe hajipendi,

Okemwa