Nyota ya Ishirini na Tatu

Alhamisi, 2 Mei

Baba kaanza tena. Nimpeleke kwenye kuba. Macho yamekwisha, daktari kashasema hakuna la kufanya, lakini mzee anataka kwenda "kuiona" — kwa vidole! Ujana wake uliishia mle, akichonga upya nakshi za chokaa kwenye kuta za kaburi la watu wa kale.

Kwenye nyota alizochonga ukutani, ya ishirini na tatu kutoka mlangoni ina ncha saba. Zingine zote nane. Si kosa. Mafundi wa zamani hawakukamilisha kazi ya kaburi, ukamilifu una Mwenyewe. Kila mmoja aliacha kasoro moja, ndiyo sahihi yake. Hiyo ndiyo ya Baba; jina lake halikuandikwa popote.

Siri hiyo fundi huambiwa siku ya mwisho ya kujifunza. Mimi binti sikufundishwa kitu. Nimeambiwa juzi tu, macho yalipozimika.

Jumamosi, 4 Mei

Nimetangulia peke yangu kuangalia njia, mzee asije akajikwaa. Sikuwa na hamu ya kusifu kitu, lakini lile jengo — jamani! Kuba imekaa juu ya kuta nne utadhani haina uzito. Mwanga unapenya kwenye vidirisha vya jiwe lililotobolewa, unatambaa sakafuni mpaka kaburini. Ukinong'ona pembe hii, unasikika pembe ile. Mshipi wa nyota umezunguka ukuta mzima, kimo cha kifua. Nikaupitisha mkono, nikihesabu.

Ya ishirini na tatu. Ncha nane.

Nikarudi mlangoni, nikahesabu upya. Nane! Na chokaa ya pale nyeupe kidogo kuliko ya jirani zake.

Nikampigia kaka. Ndiye aliyesimamia ukarabati mwaka jana. Kwa fahari kabisa, eti aliikuta mbovu, akairekebisha kwa mkono wake, wakaguzi wasije wakamcheka mzee. "Nimemsitiri Baba," anasema. Kamsitiri! Alijifunza kwa Baba miaka miwili, akatoroka kabla ya kumaliza, kisa kakimbilia vyeo. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nikammwagia yote. Jibu lake: tusimwambie Baba.

Nina hasira.

Jumapili, 5 Mei

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa kuba. Baba na kaka wako ndani.

Kaka alimshika mkono vizuri, sitamnyima hilo. Baba akahesabu kwa sauti, nyota moja moja. Alipofika ishirini na tatu vidole vikazunguka, vikasimama. Vikazunguka tena. Akacheka kidogo, akasema kapoteza hesabu, arudishwe mlangoni. Tukamrudisha. Yakawa yale yale. Safari hii hakucheka.

"Basi na akili nayo imeondoka," akasema.

Kaka anatazama viatu vyake. Msimamizi mzima! Na mimi je, mwenye mdomo mrefu kwenye simu? Nimetoka nje nikijifanya natafuta maji. Nikisema, Baba hatamsamehe mwanawe. Nisiposema, mzee atarudi nyumbani akiamini amechanganyikiwa, na hakuna kilichobaki kumwonyesha kwamba aliwahi kuwa fundi.

Sauti inanifikia, kuba haifichi kitu. Kaanza mara ya tatu, kutoka mlangoni. Sasa kaka anahesabu pamoja naye. Kumi na nane. Kumi na tisa. Nimesimama, naingia kusema kabla hawajafika. Ishirini —